Bastola ya Bulamatari

Katika mji wa Tabora, upande wa reli ulio mbali na Boma la Wajerumani, ipo nyumba ya matofali mabichi ambayo dari yake ilificha chuma kimoja kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini. Chuma hicho kilikuwa bastola ya risasi sita, yenye kitako cha mti na kipete kidogo chini yake cha kupitishia ugwe. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa historia, aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu. Pamoja na chuma ulikuwapo urithi wa maneno. Maneno yenyewe yalikuwa machache: hii ni bastola ya Bulamatari.

Mtu asiyesoma angaliyachukua maneno hayo kama yalivyo, akayahifadhi. Mwalimu alikuwa mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu hawezi kuona neno bila kulitafutia mwenziwe. Alijua kuwa Bulamatari, yaani mvunja mawe, lilikuwa jina la Henry Morton Stanley. Alijua kadhalika kuwa Stanley alipata kumpa Mtemi Mirambo bastola. Akalichukua neno la nyumbani kwa mkono mmoja na neno la kitabuni kwa mkono wa pili, akayafunga pamoja, na kwa muda wa miaka thelathini na zaidi akawafundisha wanafunzi wake kuwa bastola ya Mirambo haikupotea.

Haikuwa ndoto ya mpumbavu. Tabora ni mji ambao mambo makubwa yamepita mlangoni pake. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea karibu miezi mitatu kufika Unyanyembe, na hapo njia ziligawanyika: moja ilishika magharibi kwenda Ujiji, moja kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine kusini na magharibi kuelekea nchi za shaba. Burton na Speke waliingia Tabora tarehe 7 Novemba 1857 wakapokewa na wafanya biashara Waarabu. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa ya mwaka wa 1872 akingoja wapagazi, na tembe la Kwihara hata leo ni mahali pa kumbukumbu. Pembe zilishuka pwani mabegani mwa watu. Nguo, ushanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki zilipanda bara mabegani mwa watu wale wale.

Habari ya bastola ya Mirambo nayo ni ya kweli. Mwaka wa 1871 Stanley alipofika Unyanyembe kwa mara ya kwanza alikuta Waarabu wa Tabora wamo vitani na Mirambo. Akajitia upande wa Waarabu, na upande huo ulishindwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo Mirambo aliingia Tabora yenyewe, nyumba zikawaka moto, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, akauawa. Miaka mitano baadaye maadui wale walikutana mahali paitwapo Serombo. Tarehe 22 Aprili 1876 Manwa Sera, mkuu wa wapagazi wa Stanley, aliwachanja mguuni wote wawili wakachanganya damu, wakawa ndugu. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1878 Stanley ameeleza zawadi zilizopita kati yao. Yeye alitoa bastola moja na risasi 200. Mirambo, asiyependa kuzidiwa ukarimu, akaamuru Stanley apewe ng'ombe watatu wa maziwa pamoja na ndama wao, na maksai watatu.

Basi bastola ilikuwapo, mpaji alikuwapo, na mpokeaji alikuwapo. Mwalimu alikuwa na chuma. Ni nani angemlaumu kwa kudhani kuwa chuma chake ndicho?

Jambo hili lingelala darini mpaka leo kama mvua za mwaka mmoja zisingebomoa ukuta wa nyumba upande wa jikoni. Mjukuu wa mwalimu, kijana mwenye pikipiki ya kukodisha, alisimulia habari za bastola kwa abiria mmoja, na abiria akamsimulia mwenzake. Haukupita mwezi, akaja mnunuzi wa vitu vya kale. Alikuwa mtu wa adabu na maneno laini. Aliigeuza bastola mikononi, akanusa kutu, akataja bei. Bei hiyo ingejenga ukuta, na baada ya ukuta nyumba nzima ya matofali ya kuchoma, na bado ingebaki akiba. Lakini alitaka kitu kimoja zaidi ya chuma. Alitaka karatasi yenye sahihi ya mwalimu, inayoapa kuwa bastola hii ndiyo aliyopewa Mirambo na Stanley mwaka wa 1876, na kwamba imeshuka katika ukoo wa mwalimu tangu siku hizo.

Usiku ule mjukuu alimwambia, “Babu, hiyo karatasi si mzigo. Ni sahihi yako tu.”

Mwalimu akamjibu, “Mjukuu wangu, sahihi ni nzito kuliko gunia la chumvi ya Uvinza. Gunia hutuliwa njiani, sahihi haituliki.” Akamwomba mnunuzi muda wa mwezi mmoja.

Yafaa kueleza kwa nini mnunuzi alitamani karatasi kuliko chuma. Vyombo vya kale vya vita vilitengenezwa kwa maelfu, na kimoja hakipitani na kingine isipokuwa kwa kile kilichotendeka nacho, na kwa ushahidi wa kuwa kweli kilitendeka nacho. Mwezi wa Agosti 2021 bastola ya Colt iliuzwa katika mnada wa Bonhams huko Los Angeles, Marekani, kwa zaidi ya dola 6,000,000. Si ya dhahabu, wala haikuchongwa nakshi ya ajabu. Bastola za namna yake zapatikana kwa sehemu ndogo sana ya fedha hiyo. Lakini ndiyo aliyoitumia Pat Garrett mwaka wa 1881 kumwua mhalifu mashuhuri aliyeitwa Billy the Kid, na mkono mmoja baada ya mwingine ulioishika ulijulikana. Mnunuzi hakulipa chuma. Alilipa mnyororo wa ushahidi ambao haukukatika.

Tabora yenyewe ina mfano mwingine ulio mwepesi zaidi. Mwaka wa 1916, Wajerumani walipozungukwa na maadui na kukosa fedha, walipiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye sura ya tembo, ilitengenezwa kwa dhahabu ya Sekenke, nazo zilikuwa zipatazo 16,000 tu. Leo wakusanyaji wa dunia nzima wanaitafuta. Lakini sarafu hiyo haihitaji kuapiwa na mtu. Imezaliwa na cheti chake usoni, herufi T ya Tabora na mwaka wake. Bastola ya mwalimu haikuwa na mwaka usoni, na hilo ndilo lililomweka njia panda.

Alianza na chuma. Wajuzi wa silaha za kale huonya kuwa kutu isikwanguliwe kwa msasa wala tupa, maana kukwangua huondoa alama, na alama ndizo ulimi wa chuma. Mwalimu alitumia kitambaa, mafuta na subira. Siku ya tatu, juu ya lile gurudumu la matundu sita la kutilia risasi, ilijitokeza alama ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga: duara refu mfano wa yai, na ndani yake herufi tatu, E, L na G. Juu ya duara palikuwa na kitu kama meno. Aliazima kioo cha kukuzia kwa fundi wa saa. Meno yale yalikuwa taji.

Alama ya herufi hizo ni ya mji wa Liège katika Ubelgiji, mji uliotengeneza bunduki na bastola kwa ajili ya nusu ya dunia. Kabla silaha haijauzwa ilipelekwa katika nyumba ya majaribio. Huko ilipigwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na isipopasuka ilipata alama, ambayo maana yake ni Jaribio la Liège. Nchi nyingine zilikuwa na desturi hiyo hiyo. Birmingham katika Uingereza ilipiga alama ya fimbo mbili za kifalme zilizopandana chini ya taji. Lakini alama ya Liège ina fadhila moja kubwa kwa mchunguzi, nayo ni kuwa ilibadilika katika tarehe zinazojulikana. Duara lisilo na taji ni la zamani zaidi. Taji liliwekwa juu ya duara mwaka wa 1893.

Mwalimu alisoma habari hiyo katika simu ya mjukuu wake, akaisoma tena mahali pengine, akaikuta ni ile ile. Kisha akakaa kimya. Stanley alitoa bastola mwaka wa 1876. Mirambo alikufa tarehe 2 Desemba 1884. Bastola iliyolala juu ya meza ilijaribiwa huko Ubelgiji si chini ya miaka minane baada ya kifo chake. Taji dogo kama punje ya ulezi lilikuwa limeangusha miaka thelathini ya mafundisho.

Mjukuu aliuelewa uso wa babu yake kabla ya maneno. Akasema kwa sauti ya chini, “Babu, kutu ilikuwa imeificha. Mnunuzi hakuiona. Tupa kidogo tu, na taji halipo.”

Msomaji asimhukumu kijana huyo upesi. Ukuta ulikuwa umefunikwa kwa turubai, na usiku wa baridi ya Juni upepo wa Unyamwezi haubishi hodi. Wala neno lake halikuwa la mtu mwovu. Lilikuwa la mtu aonaye kuwa wafu hawadhuriki. Mirambo hatainuka kushitaki, na Stanley hatainuka kukanusha. Mwalimu mwenyewe alikiri baadaye kuwa aliishika tupa mkononi. Kilichomzuia si ushujaa. Kilichomzuia ni kuwa alikuwa amewapiga alama ya kosa wanafunzi wengi kwa tarehe walizozikosea, na sasa chuma kilikuwa kinampiga yeye.

Chuma kilipokwisha kunena, mwalimu aligeukia maneno. Lugha nayo hupiga alama, na Kiswahili kimezihifadhi zama zote za bunduki kwa majina. Kwanza ilikuwapo bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi wa moto. Ikafuata bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe, ambayo ndiyo iliyojaa katika misafara na mikononi mwa rugaruga. Ikaja bunduki ya fataki, na mwisho bunduki ya viasi, ambayo risasi na baruti yake vimo ndani ya ganda moja. Kila majeshi ya Ulaya yalipopata silaha mpya yaliuza zile za kale, na nyingi zilimwagika pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikisia kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka. Mwaka wa 1890 mataifa yakafanya mapatano huko Brussels kuzuia silaha mpya zisiuzwe kwa Waafrika. Gumegume ziliachwa ziuzwe. Silaha za viasi zilipasa kuandikwa na kutiwa alama, na mwenye kuichukua awe na cheti chenye jina lake. Kwa hiyo bastola ya viasi yenye taji la baada ya 1893 haikuwa bidhaa ya kawaida ya msafara. Yaelekea iliingia nchini katika mkoba wa mtu wa serikali au wa jeshi.

Hapo ndipo neno Bulamatari lilipomgeukia mwalimu na kumtazama usoni. Stanley alilipata jina hilo katika Kongo, alipokuwa akipasua miamba kutengeneza njia ya kupita maporomoko ya mto, naye alianza kazi hiyo mwaka wa 1879. Watu wa Serombo wa mwaka wa 1876 wasingaliweza kumwita kwa jina ambalo alikuwa hajalipata. Tena jina halikubaki kwa Stanley. Katika Kongo lilikuwa jina la serikali yenyewe: kwanza dola ya Mfalme Leopold, na tangu mwaka wa 1908 koloni la Wabelgiji. Mtoza kodi alikuwa Bulamatari. Askari alikuwa wa Bulamatari. Wazee hawakukosea neno. Aliyekosea ni msomi aliyelisikia, akalipeleka kwa mtu mmoja mashuhuri kwa sababu ndiye aliyemjua.

Akakumbuka kuwa alikuwa hajamwuliza shangazi yake hata mara moja.

Shangazi huyo, aliyekwisha kupita miaka tisini, alikaa Usoke, magharibi ya Tabora kando ya reli. Alikuwa binti wa mwisho wa babu aliyeileta bastola nyumbani. Mwalimu alipanda basi asubuhi, akamkuta ameketi juani anapepeta karanga. Wakaamkiana kwa Kinyamwezi, mwangaluka kwa mwangaluka. Baada ya habari za wazima na za wagonjwa akamwuliza.

“Mwanangu,” alisema shangazi, “mbona baba yako alikuwa anajua? Baba yetu alikuwa mpagazi wa Bulamatari, katika ile vita ya Wajerumani. Walimkamata shambani. Walimpa kasha, wakamwambia usiliache, ukiliacha utachapwa. Akalibeba. Bwana wa lile kasha akauawa hapa hapa Usoke, na watu wakatawanyika. Baba akakaa na kasha siku nyingi anangoja aitwe. Hakuitwa. Akaenda Tabora kudai mshahara wake, akaambiwa jina lake halimo. Basi akarudi akalifungua kasha. Mlikuwa na viatu, na karatasi, na hiyo bastola. Viatu havikumwenea.”

“Na Mirambo, shangazi?”

“Mirambo yupi? Mirambo alikuwa mtemi. Baba yetu alikuwa mpagazi.”

Kisha akaendelea kupepeta karanga zake.

Maneno ya mwanamke mzee si alama ya Liège, na mwalimu aliyapima kama alivyopima chuma. Mizani haikuyakataa. Katikati ya mwaka wa 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, chini ya uongozi wa Jenerali Tombeur, yaliingia nchini kutoka magharibi. Kigoma ilianguka mwishoni mwa Julai. Wajerumani walirudi nyuma kwa kufuata reli, wakabomoa madaraja, na kwa hiyo kila kasha lililopaswa kupanda gari lilipanda kichwa cha mtu. Mwanzoni mwa Septemba palipiganwa vikali Usoke. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Silaha ya Liège kuonekana mkononi mwa jeshi la Wabelgiji si jambo la kushangaza. Ni kama chungu kuonekana katika nyumba ya mfinyanzi.

Na wapagazi wa vita ile walikuwa umma usio na idadi ya yakini. Kwa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kuwa walikufa watu wapatao 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na homa. Wanyamwezi walikuwa wamebeba pembe kwa karibu karne nzima, na kazi hiyo ilikuwa fahari yao. Kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa mtu mzima. Mpagazi wa msafara alipatana ujira wake kabla ya kutoka, na alipodhulumiwa aliweza kutua mzigo na kwenda zake. Mpagazi wa vita hakupatana na mtu. Kazi ilikuwa ile ile ya bega na njia; kilichoondoka ni hiari.

Mwalimu aliporudi alichukua daftari, akachora mistari miwili kuigawa karatasi mara tatu. Katika sehemu ya kwanza aliandika yaliyo hakika: bastola ya matundu sita, imejaribiwa Liège, baada ya mwaka wa 1892. Katika ya pili aliandika yaliyosemwa, na jina la aliyeyasema: habari ya kasha, kama alivyoisimulia binti wa mpagazi. Katika ya tatu aliandika yadhaniwayo: kuwa mwenye bastola alikuwa ofisa wa jeshi la Kongo aliyekufa Usoke mwaka wa 1916. Jina la Mirambo hakuliandika popote. Haya ndiyo maarifa yote ya uchunguzi wa vitu vya kale, na mtu aweza kuyajifunza kwa dakika tano: kutoyachanganya mafungu matatu. Lakini kuyatenda ni kazi ya maisha, kwa sababu moyo hupenda kuyahamisha maneno usiku, kutoka fungu la tatu kwenda la kwanza.

Mnunuzi alirudi mwezi ulipotimia. Alisoma karatasi yenye mafungu matatu kwa makini, akacheka bila ubaya. Akasema kuwa bastola za namna hiyo zimejaa katika maduka ya Ulaya, na kwamba hakuna mtu anunuaye mpagazi. Akaaga. Mjukuu alimsindikiza mpaka njiani, akarudi akiwa na hasira, akalala bila kula.

Palibaki jambo la sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na silaha bila kibali, hata ikiwa kutu imeifanya kuwa dubwana tu, na serikali imepata mara kadhaa kutoa muda wa msamaha kwa wenye kusalimisha kwa hiari yao. Mwalimu alimwarifu mwenyekiti wa mtaa, wakaenda pamoja kituoni, akaikabidhi bastola. Pamoja nayo alikabidhi nakala ya karatasi yake, na barua ya kuomba kuwa, ikiwezekana, chuma na karatasi visitenganishwe, na vitunzwe mahali panapotunzwa kumbukumbu. Alijua kuwa chuma bila karatasi kitakuwa takataka, na karatasi bila chuma itakuwa hadithi.

Lililokuwa gumu zaidi hakulifanya kituoni. Alikwenda katika shule aliyoifundisha miaka mingi, akaomba kipindi kimoja. Akasimama mbele ya watoto ambao baadhi ya wazazi wao aliwafundisha yeye mwenyewe, akasema kuwa habari aliyoieneza kuhusu bastola ya Mirambo ilikuwa si kweli. Akaeleza taji, akaeleza jina la Bulamatari, akaeleza kasha. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wasema wahenga. Lakini aliyekwisha kujikwaa ulimi hana dawa ila kurudi palepale na kuliokota neno lake mbele za watu.

Aliwaambia pia kosa lake lilikokuwa. Hakudanganya; alitamani. Mtu wa Unyamwezi aonaye kitu cha thamani nyumbani hudhani lazima kimetoka kwa mtemi au kwa Mzungu, kana kwamba wazazi wake wengine hawakuishi. Kwa hiyo alimtafuta Mirambo katika chuma kile miaka thelathini, ilhali Mirambo hakuhitaji kutafutwa, yumo vitabuni. Aliyehitaji kutafutwa ni mpagazi mmoja wa Usoke ambaye jina lake halikuwamo katika orodha, na ambaye ukoo wake mwenyewe ulikuwa umemfuta ili upate mtemi mahali pake.

Mwisho wa kipindi msichana mmoja aliinua mkono. “Mwalimu, kama si ya Mirambo, basi ilikuwa na thamani gani?”

Mwalimu alifikiri kabla ya kujibu, maana swali hilo ndilo lililoletwa na mnunuzi, na mnunuzi alikuwa amekwenda nalo.

“Ilikuwa mshahara wa babu yangu,” alisema, “ambao haukulipwa.”

Ukuta wa jikoni ulijengwa upya mwaka uliofuata, kwa matofali mabichi yale yale. Mjukuu ndiye aliyeyafyatua, jioni baada ya kazi yake ya pikipiki, na alikuwa amekwisha kurudi mezani kula na babu yake. Siku moja, mikono yake ikiwa imejaa udongo, alimwuliza mzee jina kamili la yule mpagazi. Mwalimu alimtajia, na jina la baba yake mpagazi, na la babu yake, mpaka pale ambapo kumbukumbu ya ukoo ilikoma. Kijana akayaandika yote katika daftari, chini ya fungu la kwanza.